Konzo: sumu ya muhogo inafunguka kwenye beseni au tumboni?

#1 Labo_Ibanda
Jamboni nyote. Kuna kitu kimenikaa kichwani tangu wiki iliyopita. Sisi wa Bukavu tunakula fufu ya muhogo na sombe (majani yake) karibu kila siku, kwa hiyo ninakileta hapa.

Konzo tunaijua: mtu mwenye afya nzuri analala, akiamka ghafla miguu yote miwili imekakamaa, na haifunguki tena maisha yake yote. Tumefundishwa kwamba sababu ni moja, muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha. Maana yake ni kwamba mama alikosea jikoni.

Mwaka 2021 watafiti wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba huko Kinshasa, na wenzao wa Marekani walitoa matokeo katika jarida la Nature Communications. Walichukua choo cha watoto wa Kinshasa, Masi-Manimba na Kahemba, wakasoma jeni za bakteria waliomo. Kahemba ndiko konzo imeshika sana. Waliona kwamba kwa watoto wa kule, baadhi ya bakteria wa tumboni wamebeba kwa wingi jeni za vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kemia) vinavyoweza kuvunja linamarini, kitu kilichomo ndani ya muhogo, na kutoa sumu ya sianidi. Jeni za rodanesi, kimeng'enya kinachoituliza sianidi, zilikuwa pungufu.

Swali langu ni hili. Kama tumbo lenyewe linaweza kuifungua sumu ambayo beseni liliiacha, kwa nini lawama yote tunamtwika mama mwenye beseni?

#2 Mama_wa_Kadutu
Mie niko nauzisha sombe ku soko ya Kadutu, njo kazi yenye ilisomesha batoto bangu bane. Ile linamarini siijue, lakini nasema kitu moja. Sombe tunatwangaka kwanza ikiwa mbichi, kisha njo tunachemsha. Kuko benye banapitishaka majani ku maji ya moto mbele ya kutwanga, juu ikuwe laini mbio. Ya bale inabakiaka na uchungu. Tate wangu alikuwa anatugombeza sana juu ya ile. Mutuelezee kama alikuwa na haki.

#3 Mwalimu_Kemia
Mama #2, tate wako alikuwa na haki kabisa, na nitaeleza polepole kwa sababu hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Ndani ya seli ya jani la muhogo, linamarini imefungiwa kwenye kifuko kinachoitwa vakuoli. Ni sukari iliyoshikana na kipande chenye sianidi, na ikikaa hivyo haina fujo. Nje, kwenye ukuta wa seli, kuna kimeng'enya kinachoitwa linamarasi. Hawa wawili hawakutani kamwe jani likiwa zima. Mchi unapolipasua jani, wanakutana. Linamarasi inakata sukari, kinabaki kitu kinachoitwa asetoni sianohidrini, nacho kinavunjika na kuachia sianidi. Sianidi inachemka kwenye nyuzi 26 tu, kwa hiyo inapaa hewani. Ile harufu kali inayokupanda puani ukiinama juu ya kinu ni dalili kwamba kazi imeanza.

Sasa, ukiyapitisha majani kwenye maji ya moto kwanza, unaiua linamarasi. Mlango umefungwa na aliyekuwa na ufunguo amekufa. Linamarini inabaki humo humo, unatwanga, unapika, unakula. Na ukiila, kitakachoifungua mbele ya safari ni bakteria wa tumboni. Labo #1, jikoni na tumboni si vitu viwili tofauti hata kidogo.

#4 Fundi_Mulini
Mimi nina mulini huku Bagira. Kila siku watu wananiletea mihogo mikavu niwasagie. Ninaweza kuitofautisha kwa mkono: ile iliyolowekwa siku tatu inavunjika kama chaki, ukiiweka mezani inaacha vumbi. Ile ambayo mtu aliimenya, akaikatakata na kuianika tu juani, ni ngumu, inapiga kelele kwenye chuma. Hiyo ya pili imeongezeka. Wateja wanataka bunga nyeupe isiyonuka, na kulowekwa kunaleta harufu. Muuzaji naye anataka pesa ya wiki hii, hawezi kungoja siku tatu za maji na nne za jua, tena katika mvua hizi zetu.

#5 Muuguzi_Mwenga
Naomba kumrekebisha #1 kwenye mambo mawili.

La kwanza, konzo haijawahi kuelezwa kwa sababu moja na watu wanaoijua. Tangu zamani zinatajwa mbili pamoja: sianidi nyingi mwilini na protini chache kwenye sahani. Ondoa mojawapo na ugonjwa huuoni. La pili, si lazima mtu alale akaamke hivyo. Wengi inawapata baada ya kutembea safari ndefu au kazi ngumu.

Msifikiri ni ya Bandundu ya zamani, upande wa Kahemba, peke yake. Mwaka 2011 ilichapishwa makala kuhusu konzo kutokea Burhinyi, hapa hapa Mwenga, na waandishi waliihusisha na vita. Nilimhudumia msichana wa miaka tisa. Alikuwa akitembea kwa ncha za vidole, magoti yanasuguana na kupishana kama mikasi, na nyuma ya kila goti kulikuwa na sugu. Mama yake aliniambia walikuwa wamekimbilia msituni, wakirudi usiku kung'oa mihogo na kuila baada ya siku moja. Nani atangoja siku tatu kando ya mto wakati risasi zinalia? Huyo mama hakukosa maarifa. Alijua siku tatu ni siku tatu.

#6 Kijana_Birere
Aksanti Muuguzi, hiyo imenigusa. Sisi wa Goma tuna viazi vya Masisi, Bukavu mnajifungia na fufu yenu kama mume na bibi wa ndoa ya kanisani 😀

Swali la kweli: mnajuaje si polio? Kwetu mtoto akilemaa miguu, watu wote wanasema polio.

#7 Muuguzi_Mwenga
Polio inalegeza, mguu unaning'inia na nyama zake zinakauka. Konzo inakaza. Ukigonga goti kwa kinyundo, mguu wa polio hauruki. Wa konzo unaruka kupita kiasi, na kifundo kinatetemeka chenyewe. Tena konzo inashika pande zote mbili sawasawa, na ikishapiga haiongezeki polepole. Kuna kirusi cha HTLV-1 ambacho nacho kinakaza miguu, watafiti walikitafuta kwa wagonjwa wa konzo wakaona sicho. Daktari Trolli aliandika habari za konzo mwaka 1938 kutoka Kwango, na jina ni la Wayaka wenyewe, watu wa huko, maana yake miguu iliyofungwa. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipata ugonjwa huo huo wakati wa ukame.

#8 Shamba_Walungu
Hapo kwa ukame Muuguzi amesema kweli. Muhogo ule ule, shamba lile lile, mwaka wa jua kali unakuwa mchungu. Mwaka wa mvua unautafuna mbichi. Mimi siamini habari za bakteria wa choo. Sababu ni mbegu na jua.

#9 Mwalimu_Kemia
Muzee #8, mmea unapopata kiu unaongeza linamarini, hilo limepimwa sehemu nyingi. Lakini uchungu na sumu haviendi pamoja kila mara, kuna muhogo ambao ulimi unaupokea vizuri na kipimo kinaukataa. Usiuamini ulimi peke yake.

Nirudi kwenye protini ya #5. Sianidi ikiingia kwenye damu, mwili una njia yake kuu ya kuituliza. Rodanesi, iliyo kwenye mitokondria, hasa za ini, inachukua atomu moja ya salfa na kuibandika kwenye sianidi. Inakuwa tiosianati, inatoka na mkojo. Kila chembe moja ya sianidi inadai chembe moja ya salfa. Salfa hiyo inatoka kwenye asidi amino mbili, methionini na sisteini, nazo ziko kwenye samaki, nyama, mayai, na kidogo kwenye maharage. Mzizi wa muhogo una protini kama asilimia 1 au 2 tu. Kwa hiyo anayekula fufu na munyu peke yake anaongeza deni huku hana cha kulipia.

Kikombe kimoja cha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pembeni ya fufu ni salfa hiyo. Na sambaza hawakuwemo Ziwa Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

#10 Kijana_Birere
Mwalimu ameanza na kemia ametufikisha kwenye uvuvi 😀 Endelea tu, ninasoma kila neno.

#11 Idjwi_Kaskazini
Kwa kuwa tumefika ziwani, niruhusuni. Mnasema tiosianati inatoka na mkojo kana kwamba ni heri tupu. Kwetu Idjwi haikuwa heri. Miaka ya 1960 madaktari Wabelgiji, Delange na Ermans, walishangaa kwa nini rovu limejaa kaskazini mwa kisiwa na ni dogo kusini-magharibi, wakati ukosefu wa iodini ulikuwa pande zote mbili. Walikuja kuona tofauti iko kwenye muhogo. Tiosianati inashindana na iodini mlangoni mwa tezi ya shingo. Ukiwa na iodini ya kutosha hakuna shida. Ukiwa huna, ile kidogo uliyo nayo inasukumwa nje.

Shangazi wa baba yangu alikuwa na rovu kubwa kama ngumi mbili, alilifunika kwa kitambaa hata akiwa shambani. Watu walisema ni maji ya kisima. Hakuna aliyewahi kumwambia habari za muhogo.

#12 Labo_Ibanda
#11, aksanti sana. Nilijua habari ya Idjwi kwa jina tu, sikujua kwamba kaskazini na kusini zilitofautiana.

Niongeze jambo ambalo halijafungwa. Kwa nini miguu? Sianidi inazima kimeng'enya cha mwisho cha kupumua kwa seli, sitokromu oksidesi, na hicho kiko kila mahali mwilini. Dhana moja inasema neva ndefu zinazoshuka kutoka ubongoni hadi chini ya uti wa mgongo ndizo zenye njaa kubwa ya nishati, zinakufa kwanza. Dhana ya pili inasema salfa ikikosekana sianidi inageuka sianati, na sianati inajibandika kwenye protini za neva na kuziharibu. Ya tatu inamlaumu tiosianati mwenyewe, kwamba inachochea vipokezi vya neva kupita kiasi. Profesa Tshala-Katumbay, Mkongomani mwenzetu aliyeko Oregon, Marekani, amefanya kazi hii miaka mingi pamoja na Mumba Ngoyi wa INRB. Hata wao hawajasema ni ipi.

#13 Shamba_Walungu
Dhana tatu, na mtoto mmoja kilema. Mimi nimesema mbegu, mniletee mbegu isiyo na sumu, habari iishe.

#14 Mwanafunzi_wa_Mbegu
Muzee #13, shikamoo. Mbegu hiyo ipo kwenye maabara. Mwaka 2023 kikundi cha California kilichapisha kazi ya kutumia CRISPR, ile njia ya kukata jeni mahali unapotaka. Muhogo unatengeneza linamarini kutoka kwa asidi amino inayoitwa valini, na hatua ya kwanza inafanywa na vimeng'enya viwili ndugu, CYP79D1 na CYP79D2. Walizima vyote viwili, mmea haukutoa sianidi tena. Walipozima D2 peke yake, ilipungua sana. Walipozima D1 peke yake, hakuna kilichobadilika sana. Hiyo iliwashangaza, maana ndugu hao wawili walidhaniwa wanafanya kazi sawa. Mojawapo ya mihogo waliyotumia ni TME 419, inayopendwa na wakulima wa Afrika Magharibi.

#15 Mama_wa_Kadutu
Na bezi je? Mihogo tamu inaibiwaka usiku moja yote inaisha. Chungu mwizi anaiachaka, panya anaiachaka, na nguruwe pia. Mama yangu alipandaka chungu kwa kusudi.

#16 Muuguzi_Mwenga
Mama #15 amesema jambo ambalo watafiti waliwauliza akina mama wa Malawi na kupata jibu lile lile: uchungu unalinda shamba. Mwanamke anayeishi peke yake na watoto hana mlinzi mwingine. Askari mwenye njaa hana siku tatu za kuloweka.

#17 Labo_Ibanda
Na mmea wenyewe unaihitaji linamarini pengine kwa kazi nyingine. Mwaka 2003 Siritunga na Sayre, kabla ya CRISPR, walipunguza jeni hizo hizo kwenye majani kwa njia ya zamani. Majani yalipungukiwa asilimia 60 hadi 94, mizizi ikapungukiwa asilimia 99, ushahidi kwamba mizizi inaletewa linamarini kutoka juu. Lakini mimea hiyo haikuweza kukua vizuri kwenye chupa bila kuongezewa amonia. Wengine wakasema linamarini ni ghala la naitrojeni, si silaha tu.

#18 Mwanafunzi_wa_Mbegu
Sawa, lakini wa 2023 waliozimwa kwa CRISPR walikua. Kwa hiyo habari ya ghala haijathibitishwa wala kukataliwa. Shambani, kwenye udongo mchovu wa Walungu, ndiko tutakakojua.

#19 Shamba_Walungu
Udongo wangu si mchovu, kijana, umechoka na maneno. Nisaidie kitu kingine: mozaiki. Majani yanajikunja, yana madoa ya njano, mizizi inakuwa kama vidole. Hiyo ndiyo iliyotufanya tutupe mbegu za wazee wetu. Hiyo nayo mmeisoma jeni zake?

#20 Mwanafunzi_wa_Mbegu
Samahani muzee, niseme udongo uliochoshwa na mvua. Ndiyo, imesomwa. Mwaka 2022 ilionekana kwamba kinga inayoitwa CMD2, ambayo mbegu nyingi zinazoshinda mozaiki zinaitegemea, inaambatana na badiliko dogo kwenye jeni ya mashine inayonakili DNA ya mmea wenyewe. Kirusi cha mozaiki hakina mashine yake ya kunakili, kinaazima ya muhogo. Jinsi badiliko hilo linavyokizuia bado wanabishana. Na kuna tatizo: mihogo hiyo ikizalishwa kwenye chupa kwa njia fulani ya maabara, mingine inapoteza kinga.

#21 Kijana_Birere
Tumetoka choo cha Kahemba tukafika mozaiki. Naomba turudi. Labo #1, ile kazi ya bakteria ina kitu kinanisumbua. Mtoto wa Kahemba anakula muhogo zaidi ya mtoto wa Kinshasa. Chakula ndicho kinachochagua bakteria. Je, bakteria walileta ugonjwa, au muhogo ulileta vyote viwili, ugonjwa na bakteria? Choo kilichochukuliwa baada ya mtoto kuugua hakitakwambia nani alitangulia.

#22 Labo_Ibanda
Hoja hiyo ni ya haki na sina pa kuikwepea. Wenyewe waliandika kwa tahadhari. Kilichonivuta ni kwamba inaweza kusaidia kuelezea jambo ambalo Muuguzi analijua kuliko mimi: chungu kimoja, watoto watatu, mmoja analemaa.

#23 Muuguzi_Mwenga
Ndiyo. Huyo msichana wa miaka tisa alikuwa na mdogo wake wa kike, miaka sita, na kaka wa kumi na mbili. Wote walikula muhogo ule ule msituni. Mdogo alitembea vizuri. Kaka pia. Kawaida inawapata watoto waliopita miaka mitatu na wanawake wa umri wa kuzaa, wanaonyonya ni kama wamekingwa. Lakini kati ya ndugu wawili wanaofanana, kwa nini huyu? Nimewauliza madaktari wanne. Mmoja alisema minyoo, mmoja alisema sahani (mkubwa anaachia mdogo samaki), mmoja alisema rodanesi za kurithi, wa nne alinyamaza.

#24 Idjwi_Kaskazini
Hiyo ya mkubwa kumwachia mdogo samaki ni kweli kabisa. Kwetu tulikuwa saba, sambaza zinahesabiwa, na dada mkubwa ndiye aliyekosa.

#25 Mwalimu_Kemia
Kuna jambo moja la bakteria ambalo hamjaligusa. Wale wanaotisha tumboni wana jamaa zao kwenye beseni la Mama #2, na huko tunawapenda. Mihogo ikilala majini, bakteria wa maziwa mgando wanazaana, wanalainisha mzizi, wanaupasua, na baadhi yao wana linamarasi yao wenyewe. Kazi ni ile ile. Kwenye beseni sianidi inatoka hewani na majini. Tumboni haina pa kutokea isipokuwa damuni.

Jani na mzizi pia havifanani. Jani lina kimeng'enya cha pili kinachokata ile sianohidrini haraka, mzizi karibu hauna. Ndiyo maana sombe inatosha kutwangwa na kupikwa vizuri, lakini mzizi unadai siku. Na maji ya beseni yakishachacha, uchachu unafanya sianohidrini itulie isivunjike. Inavunjika baadaye, kwenye jua, joto likipanda. Kwa hiyo anayeloweka siku tatu kisha akaanika vibaya amefanya nusu ya kazi.

#26 Fundi_Mulini
Hiyo sikuijua na ninasaga mihogo kila siku. Kumbe ile inayoletwa bado ina ubaridi ndani, ninayoikataa kwa sababu inaziba chujio, ina shida nyingine pia.

#27 Mama_wa_Kadutu
Mie ninachukuaka kipande moja ya muhogo yenye ilishalainika, natia ndani ya maji mupya. Inaenda mbio. Ni muzuri ao ni mubaya?

#28 Mwalimu_Kemia
Ni nzuri, mama. Unawapandikiza bakteria wale wale. Watu wa maabara wana jina refu la kitu hicho, wewe unacho mkononi. Ila usipunguze siku kwa sababu tu umelainika. Ulaini si kipimo cha sumu.

#29 Jirani_wa_Panzi
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Kuna njia rahisi hamjaitaja: kulowesha bunga yenyewe. Ilianzishwa na Bradbury wa Australia, na huku kwetu timu ya Banea wa PRONANUT, mpango wa taifa wa lishe, iliwafundisha akina mama wa Kay Kalenge, eneo la Popokabaka. Unachanganya bunga na maji, unatandaza, unaacha kwa muda wa saa kumi, sianidi inatoka, unasonga bugali kama kawaida. Wakati wa mradi hakuna mgonjwa mpya aliyeonekana kijijini humo.

#30 Labo_Ibanda
Karibu #29. Si saa kumi. Ni muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, na utandaze nyembamba, isizidi sentimita moja. Linamarasi iliyobaki kwenye bunga inaamka ikipata maji. Na bunga hiyo lazima ipikwe siku hiyo hiyo, haiwekwi. WHO inataka bunga isizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo.

#31 Fundi_Mulini
Na ile niliyosema, iliyokatwa na kuanikwa bila maji, nayo inaokolewa hivyo?

#32 Labo_Ibanda
Inapunguziwa sana, ndiyo. Sianidi ikiwa nyingi mno kwenye mzizi inaweza kubaki juu ya kiwango, wengine wanalowesha mara mbili.

#33 Mwalimu_wa_Msingi
Ninafundisha darasa la tatu, na nimechelewa kwenye uzi huu. Mnazungumza juu ya miguu peke yake. Mwaka 2013 Boivin na wenzake, pamoja na huyo Tshala-Katumbay, waliwapima akili watoto wa Kahemba. Wenye konzo walikuwa nyuma, hilo walilitarajia. Lakini hata watoto wanaotembea vizuri kutoka nyumba hizo hizo walikuwa nyuma ya watoto wa eneo lisilo na konzo, kwenye kukumbuka na kwenye kazi za mikono.

Tangu nilipoisoma, ninaangalia daftari za watoto wangu kwa jicho lingine. Nina mtoto mmoja anayeshindwa kunakili duara, anaanza vizuri na mwishoni mstari haukutani. Nilikuwa nikimwita mzembe. Asubuhi anakula fufu baridi ya jana na chai. Sisemi ni muhogo, inaweza kuwa macho, inaweza kuwa njaa tu. Lakini neno mzembe nimeliacha.

#34 Muuguzi_Mwenga
Mwalimu #33, mpeleke apimwe macho kwanza. Na kama familia inaweza, maharage asubuhi.

#35 Shamba_Walungu
Mimi bado ninasema mbegu. Lakini habari ya huyo mtoto wa duara imenikalisha chini. Nina wajukuu huko huko Walungu.

#36 Kijana_Birere
Labo, kipimo cha sianidi kinafanyika Bukavu? Au lazima Kinshasa?

#37 Labo_Ibanda
Hakihitaji mashine kubwa. Unaweka bunga kidogo kwenye kichupa pamoja na maji na kipande chenye linamarasi, unaning'iniza karatasi ya njano iliyopakwa pikrati, unafunga, unaacha usiku mzima. Sianidi ikipanda inaibadilisha karatasi kutoka njano kwenda rangi ya chungwa hadi kahawia, unalinganisha na kadi ya rangi. Ninazo karatasi chache. Anayetaka alete fungu lake.

#38 Mama_wa_Kadutu
Siku ya tatu nitaleta sombe mafungu mbili. Moja nimeitwanga mbichi, ingine jirani yangu ameipitisha ku maji ya moto. Hatasema kitu, nimeshamuomba. Uandike juu ya karatasi yenye ni yangu na yenye ni yake, juu tumebishana miaka saba.

#39 Labo_Ibanda
Lete kabla ya saa nne, mama, na uzilete zikiwa zimefunikwa vizuri, hazijapikwa. Fundi #26, na wewe lete ile inayopiga kelele kwenye chuma.